Umehamia Linux na vitufe vya mausi ya gemu vimegoma? Kabla ya kushusha programu yoyote, kiulize kitufe kinatuma nini

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Ilazo hapa Dodoma. Mchana nachora ramani za viwanja kwenye kompyuta, usiku umeme ukiwepo napiga gemu na washkaji. Nimeuleta uzi huu kwa sababu tangu Windows 10 ifikie mwisho wa kupewa apdeti tarehe 14 Oktoba 2025, watu kadhaa ninaofahamiana nao hapa mjini wamehamia Linux, na swali wanaloniletea ni lile lile: "Mausi yangu ina vitufe kumi na kitu, mbona vinavyonitii ni vitatu tu?"

Mashine yangu ni ya mezani, i5 ya kizazi cha 6. Windows 11 inadai Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo kwangu mlango ulishafungwa, na hela ya mashine mpya sikuwa nayo. Nikashusha Linux Mint, nikaichoma kwenye flashi, jioni ile ile nikawa nimehama. QGIS, programu yangu ya kuchorea ramani, ikaingia, faili zangu zikafunguka, printa ikaitika. Kilichonitesa ni mausi.

Natumia Logitech G502 Hero, ina vitufe 11 vya kupangwa. Kule Windows nilikuwa nimevipanga kwa G Hub, programu ya Logitech ya kupanga mausi, na mpangilio ule ulikuwa umeshaingia kwenye mkono. Anayechora viwanja atanielewa. Unazunguka kiwanja pembe kwa pembe, unabofya, unabofya, pembe ya tano inakuponyoka inaangukia katikati ya barabara. Kwenye QGIS ukibonyeza Backspace, pembe ya mwisho inafutika na unaendelea ulipoishia. Lakini Backspace ipo kulia kwa kibodi, maana yake mkono uachie mausi, uende, urudi, utafute tena kishale kilipo. Fanya hivyo mara mia mbili kwa siku uone bega litakavyokuwa jioni. Mimi Backspace ilikuwa chini ya dole gumba, kitufe cha nyuma. Kitufe cha mbele kilikuwa kile cha kati cha gurudumu, cha kushikilia na kuburuta ramani. Gurudumu la G502 ni zito kulibonyeza, kidole cha kati kinachoka.

Siku ya kwanza ndani ya Mint nilikuwa najaza fomu ya maombi mtandaoni, ndefu kwelikweli. Nikakosea herufi, dole gumba likaenda lenyewe kwenye kitufe cha nyuma kwa mazoea. Kivinjari kikarudi ukurasa uliotangulia na kila nilichoandika kikapotea. Iliniuma sana. Ila ndipo nilipoelewa kwamba kitufe kizima kabisa, kinatuma ujumbe wake wa kiwandani: "rudi nyuma". Ile Backspace haikuwahi kuwa ndani ya mausi. Ilikuwa inaishi kwenye G Hub, na G Hub haina toleo la Linux. Razer Synapse, ya wenye mausi za Razer, nayo hivyo hivyo.

Nilipoteza siku mbili nikishusha kila programu niliyoikuta mtandaoni, bando likaisha, sikujua hata ipi imefanya nini. Ningeanza na hii ninayowapa, ningemaliza ndani ya nusu saa.

Fungua teminali (dirisha la kuandika amri), weka evtest, programu inayoonyesha kila kinachotumwa na kitufe:

sudo apt install evtest
sudo evtest

Itakupa orodha ya vifaa vyote vya kuingizia, kila kimoja na namba yake. Usishtuke mausi yako ikionekana mara mbili, mara kama mausi na mara kama kibodi. Mausi nyingi za gemu zipo hivyo: upande mmoja unatuma mibofyo, upande wa pili unatuma herufi. Chagua namba ya kwanza, bonyeza vitufe kimoja kimoja taratibu, kisha urudie na namba ya pili.

Nilipobonyeza kitufe changu cha nyuma ilitokea hivi:

type 4 (EV_MSC), code 4 (MSC_SCAN), value 90004
type 1 (EV_KEY), code 275 (BTN_SIDE), value 1

Nilipoachia, mstari wa BTN_SIDE ukarudi na value 0. Basi 1 ni kubonyeza, 0 ni kuachia. Cha mbele kikatoa 90005 na BTN_EXTRA. Kisha nikabonyeza vile viwili vya pembeni mwa kitufe cha kushoto, vya kupandisha na kushusha DPI, yaani kasi ya kishale. Kimya. Hakuna mstari hata mmoja, lakini kishale kilibadilika kasi.

Hapo ndipo penye siri yote, wakuu. Kitufe kina hali tatu. Kinaweza kutuma mbofyo, kinaweza kutuma herufi, au kinaweza kumalizana na mausi yenyewe ndani kwa ndani bila kompyuta kuambiwa lolote. Hiki cha tatu hakuna programu ya kutafsiri itakayokishika, kwa sababu hakuna kinachofika cha kutafsiriwa. Dawa yake ni kuingia ndani ya mausi na kuibadilishia agizo.

Kwa mausi yenye kumbukumbu yake, zana ya kuingia humo ni Piper. Chini yake kuna huduma iitwayo ratbagd, kutoka mradi wa libratbag. Inazifahamu Logitech nyingi za G, baadhi ya SteelSeries, Roccat na nyinginezo.

sudo apt install piper

Ukiifungua, unakuta picha ya mausi yako na mstari ukitoka kwenye kila kitufe. Bofya kitufe, chagua kiwe mbofyo gani, au kiwe kazi maalumu kama kubadili DPI, au kitume herufi. Ukichagua herufi inakuambia ubonyeze unayoitaka, unaibonyeza, inaikamata. Ukimaliza bofya "Apply". Nasisitiza hapo: bila "Apply" hakuna kilichoandikwa, na nilishawahi kuifunga nikadhani nimemaliza.

Wanaopenda teminali, andikeni ratbagctl list. Inaipa mausi jina la mnyama wa jamii ya panya na neno la sifa mbele yake, na hilo ndilo unalotumia kwenye amri zinazofuata.

Sasa nina Backspace nyuma, kitufe cha kati mbele, na vile viwili vya DPI nimevifanya Escape na Ctrl+Z. Nikaichomoa mausi, nikaichomeka kwenye laptopu ya ofisini yenye Windows bila G Hub. Backspace ipo. Nikairudisha kwangu. Ipo. Mpangilio sasa unaishi kwenye mausi, na mfumo wa kompyuta nikiubadilisha kesho sianzi upya.

Kwa hiyo kama HUJAHAMA bado na una G Hub, fanya jambo moja leo: ingia kwenye setingi za mausi, washa "Onboard Memory Mode", hifadhi mpangilio wako humo. Utahama nao.

Mausi za chapa nyingine leteni, tuzichambue hapa hapa.

—————

Mchangiaji, Nkuhungu:
Mkuu umenisaidia sana. Mimi nina Razer Naga, ile yenye vitufe 12 ubavuni. Nimeweka OpenRazer na Polychromatic, taa zinabadilika, DPI inabadilika, ila sioni pa kupanga vitufe. Nimekosea wapi?

Mleta uzi:
Hujakosea popote, mkuu. OpenRazer ni ya taa, DPI na mambo kama hayo, kupanga vitufe si kazi yake. Fungua evtest uchague ule upande wa kibodi wa Naga. Utaona vitufe 12 vinatuma 1 mpaka 9, kisha 0, alama ya kutoa na alama ya sawasawa. Ni namba zile zile za juu ya kibodi yako.

Sasa usiende kubadilisha namba 1 kwenye mfumo mzima, utashindwa kuandika hata namba ya simu. Tumia input-remapper, programu ya kutafsiri kinachotumwa na kitufe kiwe kingine:

sudo apt install input-remapper

Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi kifaa kwa kifaa. Unaichagua Naga peke yake, unasema 1 ya Naga iwe Ctrl+C, na 1 ya kibodi inabaki 1. Ukiridhika, bonyeza "Apply", kisha washa "Autoload" ili ijipakie kila ukiwasha mashine. Elewa tu kwamba hapa mpangilio unakaa kwenye kompyuta. Mausi ukiihamisha, haihami nao.

—————

Mchangiaji, Singida mjini:
Mimi mausi yangu haina jina la maana, nilinunua Kariakoo. Ina kitufe cha DPI na kingine chekundu kimeandikwa Fire. Piper inasema haioni kifaa chochote. Nataka Fire iwe kitufe cha kurusha bomu.

Mleta uzi:
Ndugu, nitakuambia ukweli usipoteze bando. Piper kutoiona maana yake libratbag haiijui lugha ya ndani ya hiyo mausi. Tumebaki na kinachotumwa. Bonyeza Fire mara moja ndani ya evtest. Nimeshika mausi mbili za namna hiyo, zote Fire ilikuwa inatuma BTN_LEFT, mara tatu mfululizo, 1 0 1 0 1 0. Kama yako iko hivyo, kompyuta haina namna ya kutofautisha Fire na kitufe cha kawaida cha kushoto. Ukikibadilisha hiki, umebadilisha na kile.

Kitufe cha DPI nacho kikikaa kimya, basi hakipangiki. Ila kama una viwili vya dole gumba, hivyo vinatuma BTN_SIDE na BTN_EXTRA, na input-remapper itavishika vizuri. Bomu liweke hapo.

—————

Mchangiaji, Singida mjini:
Nimejaribu. Fire kweli inatoa BTN_LEFT mara tatu. Ila kuna kitu kingine: hata cha kushoto chenyewe nikibofya mara moja, mara nyingine kinatoa 1 0 1 0. Ni Linux?

Mleta uzi:
Hapana, hiyo ni swichi yenyewe. Ukibonyeza mara moja na evtest ikaandika 1 0 1 0, kibati kidogo cha ndani kinaruka. Huku kwetu kanda ya kati vumbi lina mchango wake, hasa miezi ya upepo. Mimi yangu niliwahi kuifungua nikakuta udongo mwekundu umejipanga kwenye ufa wa kitufe cha dole gumba kama mstari wa kalamu. Ichomoe kwanza, puliza, safisha ufa kwa brashi kavu ya meno, ujaribu tena. Vumbi linatoka, lakini swichi iliyochoka inabadilishwa. Fundi anayejua kulehemu sakiti anaweza kukutolea ile mbovu akaweka nyingine.

Nimefurahi umeliuliza hili, kwa sababu watu wanaumwa na swichi wanahangaika kubadilisha mfumo.

—————

Mchangiaji, Udom:
Mimi nipo Ubuntu 24.04. Nimefuata maelezo ya zamani ya xbindkeys na xdotool (programu za kukipa kitufe kazi nyingine), kila kitu nimeandika sawa, hakuna kinachotokea. Vitufe xev, programu ya kupimia, inaviona kama 8 na 9. Rafiki yangu wa Mint anasema kwake inafanya kazi.

Mleta uzi:
Maelezo yako ni ya enzi ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Mpya wake unaitwa Wayland. Andika hivi uone upo wapi:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Nina hakika itakujibu wayland. Ubuntu imekuwa ikiwasha Wayland kama chaguo lake la kwanza tangu toleo la 21.04, na xbindkeys ni ya X11. xev inakuonyesha namba kwa sababu dirisha lake lenyewe linapitia X, lakini nje ya madirisha ya namna hiyo xbindkeys haisikii kitu. Mimi Mint yangu ya Cinnamon bado inaingia X11, ndiyo maana rafiki yako wa Mint anakuambia kwake inafanya kazi. Wote mko sahihi.

Una njia mbili. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuandika nywila, bofya alama ya gia chini kulia, uchague "Ubuntu on Xorg". Au, na ndiyo ninayoipendelea, achana na xbindkeys utumie input-remapper. Yenyewe inashika kitufe chini kabisa, kabla ya X11 wala Wayland kukiona, kwa hiyo haijali upo upande gani.

Na hizo namba usizichanganye na za evtest. Kwenye X11, 1 ni kushoto, 2 kati, 3 kulia, 4 na 5 ni gurudumu juu na chini, 6 na 7 gurudumu la pembeni, 8 nyuma, 9 mbele. Evtest inakupa 275 na 276 kwa vitufe hivyo hivyo vya 8 na 9.

—————

Mchangiaji, Area C:
Swali la wacheza gemu. Nikipanga vitufe kwa input-remapper, sitafungiwa?

Mleta uzi:
Kupanga kitufe kimoja kitume herufi moja ni jambo la kawaida, hata Steam yenyewe inakuruhusu kupanga upya. Jihadhari na makro, yaani kitufe kimoja kinachofanya mambo manne kwa mpigo. Valve tangu Agosti 2024 wanamtoa mchezaji kwenye mechi za seva zao za Counter-Strike 2 wakigundua mwendo au kufyatua kumefanywa na mtambo badala ya kidole. Kwa hiyo Backspace, Escape, bomu, redio ya timu, weka. Makro za kukusaidia kusimama na kufyatua, usiweke.

Na kabla hujahama kabisa, angalia gemu zako. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina toleo la Linux. Valorant na Fortnite hazichezeki huku kwa sababu ya ulinzi wao dhidi ya udanganyifu, hata uwe na mausi ya dhahabu. Anayeishi kwa Valorant abaki na Windows kwenye diski ya pili.

—————

Mchangiaji, Kondoa:
Vijana, mimi ni mpima ardhi mstaafu, mjukuu wangu kaniwekea Mint na QGIS. Mkono wa kulia unauma siku hizi, nashika mausi kwa kushoto. Naomba kitufe cha pembeni kiwe kile cha kati, cha kuburuta ramani. Huku mtandao ni wa shida, sitaki kushusha kitu.

Mleta uzi:
Shikamoo mzee wangu. Pole na mkono. Hili lako linawezekana bila kushusha hata kilobaiti moja, kwa sababu Linux tayari ina faili la kutafsiri vitufe.

Kwanza, kubadilisha kushoto na kulia fungua setingi za mausi ndani ya Mint, kuna chaguo la wanaotumia mkono wa kushoto. Hilo ni la kubofya tu.

Pili, mwambie mjukuu aandike lsusb. Kwenye mstari wa mausi ataona namba mbili zilizotenganishwa na nukta mbili, mfano yangu ni 046d:c08b. Halafu atengeneze faili:

sudo nano /etc/udev/hwdb.d/90-mausi.hwdb

Ndani aandike mistari miwili, akiweka namba za mausi yako kwa herufi kubwa mahali pa zangu:

evdev:input:b0003v046DpC08B*
 KEYBOARD_KEY_90004=btn_middle

Mstari wa pili lazima uanze na nafasi moja tupu. Nafasi ile ikikosekana agizo halisomeki, nami ilinichukua jioni nzima kuliona. Akishahifadhi:

sudo systemd-hwdb update
sudo udevadm trigger

Achomoe mausi na kuichomeka tena. Kitufe cha nyuma kitakuwa cha kati, kwenye QGIS na kwingine kote. Mzee, kwa kuwa unashikia kushoto, vitufe vya pembeni vitakuwa upande wa kidole cha pete badala ya dole gumba. Kama cha nyuma ni kigumu kukifikia, aandike 90005 badala ya 90004, atakuwa amechagua cha mbele.

—————

Mchangiaji, Kondoa:
Marahaba. Mjukuu kaja kutoka shule kafanya. Mara ya kwanza haikukubali, tukakuta hakuacha ile nafasi. Sasa inaburuta. Tumeweka 90005, ndiyo inayofikika. Nimekaa tangu saa kumi naangalia mashamba ya Kolo.

Mleta uzi:
Safi sana mzee wangu. Na cha nyuma sasa kipo huru, kikiguswa kwenye kivinjari bado kitarudisha ukurasa. Kama kinakusumbua wakati wa kujaza fomu, mjukuu aongeze mstari wa 90004 chini ya ule, naye aanze na nafasi, kiwe btn_middle vilevile.